Bahari ya San Marino

Uvumi ulimkuta Nanyama sokoni Kamukuywa, ameinamia ndizi zake, na tangu siku hiyo haukumtoka masikioni. Ati Nelima ameonekana. Si kwa ndoto. Ameonekana mchana, Endebess, ndani ya shamba la mahindi ya mbegu, anatembea katikati ya mistari, uso wa manjano, macho hayapepesi. Aliyemwona alimwita kwa jina mara tatu. Hakuitika. Aligeuka akaingia ndani zaidi, na mahindi yakajifunga nyuma yake.

"Na si wewe ulituambia yuko Ulaya?" muuza omena alimuuliza.

"Yuko Ulaya. Juzi tu ameandika."

"Basi huyo wa Endebess ni kivuli chake. Na kivuli kikimtangulia mwenyewe kurudi, Mama Nelima..." Hakumaliza. Maneno kama hayo watu wa soko huyaachia njiani.

Nelima alikuwa mtoto wake wa pekee, miaka ishirini na miwili. Aliondoka Februari ya mwaka uliopita kwenda kufanya kazi ya hoteli katika nchi inaitwa San Marino. Aliyemfanyia mpango ni Jotham, katibu wa kanisa lao, mtu wa tai na Biblia ya zipu. Simu, Jotham alisema, hoteli hairuhusu. Lakini barua zilikuja kila baada ya mwezi au miwili, na zote alizileta yeye kwa mkono wake, kwa sababu zikipita posta zinafunguliwa.

Siku kumi na mbili baada ya uvumi, Jumatatu tarehe 11 Julai 2005, saa nne asubuhi, Jotham alikuja. Zamani angeingia mpaka jikoni, amshike Nanyama mkono na kuutikisa mpaka bega limuume, aulize ugali uko wapi. Tangu Krismasi alikuwa amepunguza. Kazi za kanisa, alisema. Leo alisimama mbali, karibu na ghala la mahindi, uso ameuelekezea ng'ombe. Kiti alikataa. Barua aliyokuja nayo aliisoma kwa sauti, kisha akaiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua tatu, ndipo Nanyama akaiokota.

Barua ilikuwa ya chapa, na muhuri mkubwa. Rais wa Jamhuri ya San Marino alisikitika kuwajulisha kwamba tarehe 3 Julai, Nelima alizama akiogelea bandarini mbele ya hoteli. Mawimbi yalimchukua. Mwili haukupatikana.

Nanyama hakulia. Alisikia masikio yake yakivuma kama mtu aliyeinamia kisima.

Saa tisa alasiri shemeji yake, Wanyonyi, mkubwa wa ukoo tangu mume wake afariki, alikuja na wanaume wawili na kamba.

"Mulamwa," alisema polepole, akitumia neno lao la shemeji, "Nelima alikuwa anafika wapi?"

"Kufika wapi vipi?"

"Urefu. Tukate mgomba unaomtosha."

Ndipo alipoelewa. Mtu akipotelea mahali mwili hauwezi kuletwa, ukoo huzika shina la mgomba badala yake, limevikwa shuka, kwa nyimbo na machozi yote. Na aliyezikwa hivyo amezikwa. Hata akitokea mwaka ujao kwa miguu yake, hakuna atakayemfungulia mlango wala kula naye sahani moja, maana kaburi lake litakuwa pale linamtazama. Nanyama aliinua mkono kuonyesha, usawa wa sikio lake, halafu akaushusha haraka. Aliona kama amemkabidhi mtoto.

"Tutazika Jumamosi, saa sita," Wanyonyi alisema.

Siku tano. Na kule Endebess kuna kitu kinatembea na uso wa mtoto wake.

Jumanne saa tatu asubuhi Nanyama alikuwa maktaba ya Kitale, barua ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na picha moja ya Nelima ambayo Jotham aliwahi kumletea. Yeye shule aliishia darasa la saba, na mara ya mwisho kushika ramani alikuwa na miaka kumi na minne. Aliyetunza vitabu ni Zuena, mama wa Kiislamu wa makamo aliyewahi kufundisha jiografia.

"Nataka kuona mahali mtoto wangu amefia," Nanyama alimwambia.

Zuena hakuuliza zaidi. Alifungua ramani ya Ulaya, akatafuta kwa kidole, akashindwa, akaleta kioo cha kukuza. "Hii hapa. Hii nukta."

"Hiyo ni nchi au ni uchafu wa inzi?"

"Ni nchi, mama. Ngoja." Alichukua kitabu kinene, akasoma akitafsiri. "Iko juu ya mlima unaitwa Titano, ina minara mitatu. Nchi nzima ni kilomita za mraba sitini na moja. Watu kama elfu thelathini."

"Hao hawafiki hata watu wa Kitale!"

"Hawafiki. Imezungukwa na Italia pande zote. Haina uwanja wa ndege. Haina reli. Haina..." Zuena alivua miwani. "Umesema barua inasema alifia wapi?"

"Bandarini. Meli zinatia nanga mbele ya hoteli. Hata yeye mwenyewe aliandika hivyo mwaka jana."

"Hii nchi haina bahari."

"Hata kidogo?"

"Hata ya kunawa uso. Ukiwa juu ya mlima unaiona kwa mbali, lakini hiyo ni ya Italia." Alinyoosha mkono. "Hebu nione. Nani amesaini? Rais? Hawa hawana rais. Wana makapteni wawili, wanachaguliwa na baraza la watu sitini. Wanaingia tarehe moja mwezi wa nne, wa kumi wanatoka, wanaingia wengine. Wawili pamoja, ili mmoja asijifanye mwenye nchi. Na wakishatoka, raia anaruhusiwa kuwashtaki kwa yale waliyofanya wakiwa kitini."

"Mkubwa anaulizwa?"

"Na mtu yeyote."

Nanyama alilitafuna neno hilo. Kwao hajawahi kuona katibu wa kanisa akiulizwa kitu.

Zuena alikuwa ameshachukua picha. Nelima amesimama wima mbele ya mlima wenye minara mitatu. "Mama, tazama mnara huu wa kati. Una mkunjo."

"Mkunjo?"

"Na hapa chini mlima umeisha, sakafu ya simenti imeanza. Hiki ni kitambaa kimechorwa. Ni cha Abdishakur mpiga picha, hapo nyuma ya msikiti. Mimi mwenyewe nimepigwa picha mbele yake siku ya Idi, nimevaa kandambili, na huko kunaonyesha theluji!"

Saa sita kasorobo walikuwa studio. Abdishakur alipoona picha alianza kushusha mlango wa bati.

"Mtoto wangu uko naye wapi?" Nanyama alipaza sauti, na wapita njia wakaanza kusimama.

"Mama, taratibu, utaniletea watu! Mimi napiga picha tu. Hata maiti wakiniambia atabasamu, napiga."

"Mbona unafunga?"

"Kwa sababu huyo msichana alilia. Nilimwambia cheka, akalia. Nikajua iko siku mtu atakuja kuniuliza." Alirudisha mlango juu. "Alikuja na mama mmoja, Pauline, nyapara wa shamba la mbegu Endebess. Pauline alileta kadi ya zamani yenye minara, akasema nichore kama hivyo. Mwanamume sikuona. Wallahi."

Nanyama alienda moja kwa moja kituo cha polisi. Sajini Chemutai, mama wa Endebess mwenyewe, alimsikiliza mpaka mwisho bila kuandika, kisha akaandika yote kwa mara moja.

Alhamisi tarehe 14, saa nne na nusu, walifika shambani. Nanyama alisimama mwanzoni mwa mistari na nywele zikamsisimka. Watu walikuwa wanatembea ndani ya mahindi bila kusema, mikono juu, wanang'oa yale maua ya kileleni kwenye mistari ya majike, maana mahindi ya mbegu hayaachwi kujipandisha yenyewe. Vumbi la maua liliwamwagikia. Nyuso zote zilikuwa za manjano. Hata kope.

"Ndicho kivuli hicho," Chemutai alisema. Lakini yeye pia alisema kwa sauti ya chini.

Pauline, mwanamke mnene mwenye koti la kijani, alikuwa wa kwanza kuulizwa, na maswali yakawa makali.

"Huyu tunamwita Sara," alisema akitazama picha. "Nilidhani ni jina lake. Mfanyakazi mzuri, lakini ukimwita kwa nyuma anaruka kama amechomwa."

"Wewe ndiye ulimpeleka kupigwa picha ya uongo."

"Mumewe alituma kadi, ati mama wa msichana ana presha, akimwona mahali pazuri atapona. Si nilijua nafanya jambo la heri, bana? Nina watoto pia."

"Mume gani? Jina lake?"

"Sijui. Anakuja Jumamosi jioni, kofia hadi puani, hasalimii mtu. Jumapili hii amemchukua na nguo zake. Ati wanahama."

"Jumapili tarehe kumi?"

"Ndiyo, afande."

Siku moja kabla ya barua ya kifo. Chemutai alimfanya Pauline afungue chumba. Kitanda cha kamba, sufuria, godoro lililokunjwa. Chini ya godoro palikuwa na barua, zote kwa mwandiko wa Nelima, na Nanyama aliishika ya juu akasoma herufi moja baada ya nyingine: *Septemba 2005. Mama, huku baridi imeanza.* Ya pili: *Oktoba 2005. Mama, zabibu zimevunwa.* Ya tatu ilikuwa ya tarehe 20 Desemba, salamu za Krismasi. Ilikuwa Julai. Mtoto aliyesemwa amekufa alikuwa anamtakia mama yake sikukuu ambayo haijafika.

Ya mwisho haikuwa na tarehe. *Mama, sitaki tena kuandika anayonisomea. Tumbo limeonekana. Nataka kuja nyumbani ni*

Ilikatika hapo.

"Ana mimba," Chemutai alisema. "Ana mtu anayemficha. Kabla ya safari, nani alimtaka?"

"Daud. Yule anayechoma matofali. Alikuja kumposa, mimi nikamfukuza. Akasema nitajuta."

"Tutamwona kesho."

Ijumaa saa mbili asubuhi walimkuta Daud kwenye tanuri lake, nje kidogo ya Kamukuywa, matope hadi viwikoni. Kabla Chemutai hajafungua mdomo, kijana alimjia Nanyama mbio, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaukandamiza kifuani kwake. Alikuwa analia.

"Mama, wamesema Nelima amezama. Ni kweli?"

"Wewe ulisema nitajuta. Na kuna mtu anamficha, anamwendea kila Jumamosi."

"Nilisema kwa uchungu! Ningemficha wapi, kwenye tanuri? Hapa nalala mimi na moto. Jumamosi zote nachoma. Uliza."

Waliuliza. Majirani watatu walisema hivyohivyo. Walirudi sokoni, Nanyama akijipangusa matope ya Daud mkononi na kutafakari. Hapo ndipo muuza vitunguu alipoacha mteja ghafla, akavuta leso hadi usoni, akachuchumaa nyuma ya magunia.

"Huyo amemkosea nani?" Chemutai alishangaa.

"Hakuna. Ni mkwe wake anapita na baiskeli," Nanyama alijibu bila kufikiri. "Kwetu mama mkwe na mkwe hawakutani uso kwa uso, hawashikani..."

Aliacha neno hewani. Aliutazama mkono wake, juu na chini, kama ni wa mtu mwingine.

"Hawashikani nini?"

"Sajini," alisema, "kesho uje kwenye mazishi. Uje bila sare."

Jumamosi tarehe 16 Julai, saa tano asubuhi, boma lilikuwa limejaa. Mgomba ulilazwa juu ya majani, umevikwa shuka jeupe, na mtu alikuwa amefunga kitambaa mahali pa kichwa. Urefu ulikuwa wake kabisa. Mwanamke mmoja alipopita karibu alisema kwa mazoea, "Lala salama, binti," kisha akaziba mdomo. Shimo lilikuwa tayari. Jotham alisimama upande wa pili wa shimo na Biblia yake.

Alipofungua zipu, Nanyama alisimama.

"Kabla ya neno la Mungu, katibu, nina swali. Ile bahari iliyomchukua mtoto wangu inaitwaje?"

Watu walinung'unika. Jotham aliinamisha kichwa upande. "Bahari ya San Marino, mama."

"Nimeenda Kitale kuitafuta. Haiko. Nchi iko mlimani, imezungukwa na Italia."

"Basi walienda kuogelea Italia. Ni karibu."

"Barua yako inasema bandari ya San Marino."

"Makosa ya mpiga chapa."

"Na rais aliyesaini? Wale hawana rais. Wana wakuu wawili, na wakitoka kitini raia anawauliza. Leo mimi nakuuliza wewe. Hii picha imepigwa kwa Abdishakur, Kitale. Mtoto wangu alikuwa Endebess."

"Basi nami nilidanganywa na hao mawakala! Nilitumwa tu." Aligeukia umati, sauti yake ile ya mimbarani. "Ndugu zangu, mnaona uchungu unavyomfanya mama? Tumwombee."

Vichwa vikatikisika. Wanyonyi alimgusa Nanyama bega. "Mulamwa, inatosha. Yote hayo yataulizwa baadaye. Saa imefika." Wanaume sita waliinama, wakaukamata mgomba.

Nanyama alipumua. "Sawa. Nimekosea. Nisamehe, katibu." Alizunguka shimo, akanyoosha mkono wa kulia. "Nipe mkono wa pole, tumzike."

Jotham hakuutoa wake.

"Pole nimeshatoa kwa mdomo."

"Toa kwa mkono. Zamani ulikuwa unanitikisa hadi bega."

Alirudi nyuma hatua moja. Nanyama akasogea. Alirudi tena, Biblia ameishika kifuani kama ngao, mpaka kisigino kikazama kwenye lundo la udongo. Wanaume sita walibaki wameinama, mgomba mikononi, hawajui washushe au wainue.

"Mpe tu mkono, bana," mtu alisema.

"Kila Jumapili unatuhubiria mila ni za shetani," Nanyama alisema polepole. "Sasa ni nini kinakuzuia? Daud nilimfukuza, na jana amenishika kwa mikono miwili. Wewe tangu Krismasi unanipita mbali. Barua unaniwekea kwenye jiwe. Mimi ni nani wako, Jotham?"

Halafu bibi mmoja kizee, ameketi chini karibu na jiko, akapiga kelele: "Uuwi! Anamkwepa mama mkwe!"

Neno lile lilipita katika umati kama moto kwenye majani makavu. Wanyonyi alikuwa wa kwanza kuachia mgomba. Ulianguka kwa kishindo na shuka likafunguka. Chemutai alitokea kati ya wanawake, akamshika Jotham kiwiko.

"Yuko wapi?"

"Sikumuua." Sauti ya mimbari ilikuwa imemwisha. "Sijamgusa kwa kofi hata siku moja."

"Yuko wapi?"

"Naitiri. Kwa shangazi yangu. Nilimwambia msichana ana kichaa, asitoke nje."

Na hapo hapo, huku watu wakimsukuma, aliyasema yote. Safari haikuwahi kuwepo. Alimtaka Nelima tangu siku za kwaya, naye ana mke na nyumba kanisani. Alimwahidi Ulaya ili atoke kwao bila kuulizwa, akamweka Endebess asubiri viza. Viza ikawa ndoa ya kificho.

"Kwa nini San Marino?" Chemutai aliuliza.

"Ningesema Italia, padri wa jirani anatoka huko. Ningesema Uingereza, kila ukoo una mtu huko. Nilikuwa na kadi ya zamani. Nikasema hiyo, hakuna mtu wa Bungoma amefika, nani ataniuliza? Nilidhani nchi ya watalii lazima iwe na bahari." Alitazama shimo. "Alipopata mimba alitaka kurudi nyumbani. Na mimi mwezi ujao nawekwa mzee wa kanisa. Nikaona, akishazikwa hatakuwa na mahali pa kurudi. Atatulia."

"Kwa hiyo hukutaka kumuua," Nanyama alisema. "Ulitaka tumuue sisi, tukiimba."

Hata wakati huo hakumtazama usoni.

Saa tisa na nusu alasiri, Naitiri, shangazi mwenye funguo shingoni alifungua mlango wa nyuma. Nelima alikuwa ameketi juu ya gunia, tumbo la miezi sita, manjano ya Endebess bado ndani ya nywele. Alimtazama mama yake.

"Umekufa?" aliuliza. "Aliniambia nikitoroka utaanguka kwa presha ufe."

"Niguse," Nanyama alisema.

Alimgusa. Ndipo wote wawili wakalia.

Njiani Nanyama alimuuliza lile lililokuwa likimla tangu Alhamisi: shamba halina ukuta, kwa nini hukuja? Nelima alitazama nje.

"Ulisema mwenyewe, mama. Jikoni, wakati wa yule binti wa jirani. Ulisema wangu akipata mimba bila mume, asilete hiyo tumbo kwangu, afie huko huko."

Nanyama alimshika mkono, hakuuachia hadi wakafika Kamukuywa. Nyumbani walikuta Wanyonyi amefukia shimo likiwa tupu, na mgomba umekatwakatwa ng'ombe wanakula.

Wewe uliye na binti, jiepushe na haya:

Kazi katika nchi ambayo hujaiona kwa ramani. Nenda maktaba uulize, hakuna atakayekucheka.

Barua zinazopitia mkono wa mtu mmoja kila mara.

Picha bila sauti. Kama ndani ya mwaka mzima hawezi kupiga simu hata dakika moja, usikubali sababu yoyote.

Kuogopa kumuuliza mtu kwa kuwa ana cheo kanisani, shuleni au serikalini.

Kumbebesha lawama mgeni au maskini kabla ya kumtazama anayekula kwako.

Kuzika haraka.

Kumtamkia mtoto, hata kwa hasira, hata kwa habari ya mtoto wa mwingine, kwamba iko siku mlango wako utakuwa umefungwa.